Maelezo Kuhusu Watoa Huduma Kuweka Mitambo Yao ya Intaneti Katika Vituo vya Simu vya Vijijini

Posta na simu ni miongoni mwa mambo ya Muungano, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inatumika Tanzania Bara na Zanzibar. Chini ya sheria hiyo zimetungwa kanuni zinazohusu kampuni moja ya mawasiliano kuruhusiwa kutumia majengo, minara, nguzo na njia za kampuni nyingine. Maneno kama "kuweka mitambo pamoja" na "kutumia miundombinu kwa pamoja" hufika maofisini katika barua na rasimu za mikataba, na pengine husomwa kwa haraka kana kwamba maana yake ni moja kila mahali. Maana yake si moja. Mahali penye wateja wengi maneno hayo huleta watoa huduma wapya. Mahali penye wateja wachache huweza kubaki maandishi matupu.

Maelezo haya yanaonesha jinsi jambo hilo lilivyokwenda nchini Uingereza. Nchi hiyo imechaguliwa kwa sababu ilikuwa na waya wa simu karibu katika kila nyumba, ina vijiji vilivyotawanyika na visiwa vingi vinavyokaliwa na watu, na hatua zilizochukuliwa zinajulikana tangu mwanzo hadi sasa, wakati vituo vyenyewe vinapoelekea kufungwa.

KITUO CHA SIMU NA WAYA WA MTEJA

Kituo cha simu kinachozungumzwa hapa ni jengo ambamo nyaya zote za simu za eneo moja hukutana. Kila nyumba yenye simu ya waya huwa na jozi moja ya nyaya nyembamba za shaba zilizosokotwa pamoja. Jozi hiyo hutoka nyumbani, hupita nguzoni au ardhini, huingia katika kabati la chuma lililo kando ya barabara, kisha huendelea hadi kituoni na kufungwa katika fremu kubwa. Upande mmoja wa fremu kuna nyaya za wateja. Upande wa pili kuna nyaya zinazokwenda kwenye mitambo. Kinachounganisha pande hizo mbili ni kipande cha waya ambacho fundi hukifunga kwa mkono. Kumhamisha mteja kutoka kampuni moja kwenda nyingine, kwa upande wa ufundi, ni kufungua kipande hicho na kukifunga mahali pengine.

Uingereza ilikuwa na vituo vya namna hiyo vipatavyo 5,600. Vituo vya mijini ni majengo ya ghorofa yenye makumi ya maelfu ya laini. Vya vijijini ni nyumba ndogo za matofali zisizo na mfanyakazi ndani, zenye laini mia chache, ambazo fundi hufika siku ya hitilafu tu.

Sauti ya mtu katika simu hutumia sehemu ndogo ya uwezo wa waya wa shaba, yaani mawimbi yasiyozidi mizunguko 3,400 kwa sekunde. Mawimbi ya juu zaidi ya hapo yalikuwa hayatumiki. Teknolojia iliyoenea mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliyatumia mawimbi hayo kupitisha intaneti, huku simu ikiendelea kufanya kazi katika waya huo huo. Kwa ajili hiyo kilihitajika kifaa kidogo nyumbani kwa mteja, na kituoni ulihitajika mtambo wa kugawia intaneti, ambao huingizwa katika kabati la chuma na kuunganishwa na fremu kwa fungu la nyaya. Mtambo huo hutaka umeme wa uhakika, betri za akiba, ubaridi, na nafasi ya kusimama. Zaidi ya hayo yote hutaka njia kuu, yaani waya wa mkongo au masafa ya redio ya kuutoa mkusanyiko wa mawasiliano ya wateja hapo kituoni na kuufikisha katika mtandao mkubwa wa kampuni, ambao aghalabu uko mji wa mbali.

Msomaji aiweke akilini njia kuu hiyo, kwani habari nyingi zinazofuata zinatokana nayo.

JINSI VITUO VILIVYOFUNGULIWA

Kwa miaka mingi simu nchini Uingereza zilikuwa mikononi mwa Shirika la Posta. Mwaka 1981 shughuli za simu zilitengwa na kupewa shirika la British Telecom, na mwaka 1984 hisa nyingi za shirika hilo ziliuzwa kwa watu binafsi. Kampuni hiyo, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la BT, ilirithi nyaya zote, mabomba yote ya ardhini na vituo vyote, isipokuwa katika mji wa Hull. Hull ulikuwa na simu zake wenyewe. Halmashauri ya mji huo ilipata leseni mwaka 1902, ikafungua kituo chake cha kwanza mwaka 1904, na hadi leo vibanda vyake vya simu ni vya rangi ya malai badala ya rangi nyekundu inayojulikana duniani.

Kampuni zilizotaka kuuza intaneti ya kasi zilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kununua huduma kwa jumla kutoka BT na kuiuza rejareja kwa jina lao. Katika njia hiyo mtambo ni wa BT, njia kuu ni ya BT, na kasi ni ile iliyopangwa na BT. Kampuni nyingine huwa muuzaji tu. Ya pili ni kuingia ndani ya kituo na mtambo wake, kukodi waya wa mteja kwa ada ya kila mwezi, na kuamua yenyewe kasi na bei. Waya hubaki mali ya mwenye mtandao. Kampuni inayoingia huweza kuukodi waya mzima pamoja na simu ya sauti, au kukodi mawimbi ya juu tu na kuiacha sauti kwa BT.

Umoja wa Ulaya, ambao Uingereza ilikuwa mwanachama wake wakati huo, ulipitisha kanuni mwezi wa Desemba 2000 ya kuwalazimisha wenye mitandao mikubwa ya shaba kuwakodisha wengine nyaya za wateja kwa masharti yasiyo na upendeleo. Kanuni hiyo ilianza kutumika tarehe 2 Januari, 2001.

Kwa miaka kadhaa matokeo yalikuwa madogo. Ada za kuunganishwa zilikuwa kubwa, nafasi ndani ya majengo ilikuwa na taratibu ndefu, na mafundi wa kufunga na kufungua nyaya katika fremu walikuwa wa kampuni ile ile iliyokuwa ikipoteza mteja. Mpangaji na mwenye nyumba walikuwa wanafanya biashara moja katika soko moja, na ni vigumu kuona ni kwa vipi mwenye nyumba angekuwa mwepesi wa kumfungulia. Hadi mwishoni mwa mwaka 2004 laini zilizohamishwa zilikuwa bado zinahesabika kwa makumi ya maelfu tu katika nchi yenye mamilioni ya laini.

Mamlaka mpya ya usimamizi, Ofcom, iliyoanza kazi mwishoni mwa mwaka 2003, ilishuka katika mambo mawili: bei na muundo. Ada za kukodi na kuunganisha zilipunguzwa. Kisha mwezi wa Septemba 2005 BT ilitoa ahadi za kisheria za kutenga shughuli za nyaya katika kitengo chenye uongozi wake, kitakachozihudumia kampuni zote sawasawa, BT yenyewe ikiwa mojawapo. Kitengo hicho, Openreach, kilianza Januari 2006. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo kampuni ya Carphone Warehouse ilitangaza intaneti "ya bure" kwa wateja wa mpango wake wa simu. Mwishoni mwa mwaka 2006 laini zilizohamishwa zilikuwa zimefikia milioni 1, na mwishoni mwa mwaka 2008 zilikuwa zimepita milioni 5.

Kwa mkaazi wa mjini mafanikio yalikuwa dhahiri. Alichagua kampuni moja kati ya nne au zaidi, bei zikashuka, na mitambo mipya iliyoweza kutoa hadi megabiti 24 kwa sekunde ikachukua nafasi ya ile iliyokomea megabiti 8.

HESABU YA KITUO KIDOGO

Sheria haikuvitenga vituo vya vijijini. Kampuni yoyote ilikuwa na haki ya kuingia katika kituo chenye laini 300 kama ilivyokuwa na haki ya kuingia katika kituo chenye laini 30,000. Sababu ya kutoingia ilikuwa ya hesabu.

Uchukuliwe mfano, ambao tarakimu zake ni za kuelezea tu. Tuseme mtambo, umeme, nafasi na njia kuu vinaigharimu kampuni pauni 12,000 kwa mwaka katika kila kituo. Katika kituo cha mjini chenye laini 10,000, kampuni ikipata wateja 15 katika kila 100, itakuwa na wateja 1,500, na gharama hiyo itamwangukia kila mmoja kwa pauni 8 kwa mwaka. Katika kituo cha kijijini chenye laini 400, kwa kiwango kile kile cha mafanikio, wateja watakuwa 60, na kila mmoja ataangukiwa na pauni 200. Hapo bado haijalipwa ada ya kukodi waya wenyewe.

Aidha, mfano huo unaipendelea sehemu ya vijijini kwa kudhani kwamba gharama ni sawa, na kwa kweli hazikuwa sawa. Mtambo mdogo haupungui bei kwa kadiri wateja wanavyopungua. Njia kuu ndiyo kabisa: kituo cha mjini hupitiwa na nyaya za mkongo za kampuni kadhaa zinazoshindana, na kituo cha kijijini hufikiwa na moja, ya BT, tena kwa umbali wa kilomita nyingi. Kampuni iliyotaka kujitegemea ndani ya kituo ilijikuta inakodi njia kuu kutoka kwa mshindani wake.

BT nayo haikuwa na haraka na vituo vidogo. Mwaka 2002 ilianzisha utaratibu wa kuwataka wakaazi waandikishe majina yao kuonesha kwamba wanaihitaji huduma. Kila kituo kilipangiwa idadi, kwa kawaida mamia ya watu, na idadi hiyo ikifikiwa ndipo mtambo ungewekwa. Vijiji vilifanya kampeni nyumba kwa nyumba, na palikuwa na vituo ambavyo idadi iliyopangwa ilikaribia idadi ya nyumba zote zilizokuwapo. Utaratibu huo uliachwa mwaka 2004, BT ilipoamua kufikisha huduma katika takriban vituo vyote vilivyobaki hadi mwaka 2005. Intaneti ilifika, mtoa huduma wa pili hakufika.

Mwaka 2008 Ofcom iliigawa nchi katika makundi kwa kuhesabu kampuni zilizokuwa na mitambo yake katika kila kituo. Kundi la kwanza lilikuwa la vituo ambamo alikuwamo BT peke yake. Kundi hilo lilikuwa na takriban asilimia 16 ya nyumba na maofisi yote, lakini lilikuwa na zaidi ya nusu ya vituo vyote, kwa vile vilikuwa vidogo. Kundi la tatu, lenye kampuni nne au zaidi, lilikuwa na takriban asilimia 69 ya nyumba. Hull uliwekwa peke yake, chini ya asilimia 1. Huko pia washindani hawakuingia. Hesabu iliporudiwa mwaka 2010, kundi la mtoa huduma mmoja lilikuwa limeshuka hadi asilimia 11.7. Vituo vilivyofuata kwa ukubwa vilikuwa vimeingiwa, na vilivyobaki vilikuwa ni vile ambavyo hesabu haikuvikubali kabisa.

Kwa mkaazi wa eneo la kundi la kwanza mgawanyo huo ulionekana katika ankara. Baadhi ya kampuni zilimtoza zaidi kuliko mteja wake wa mjini kwa sababu kwake zilikuwa wauzaji wa jumla ya BT, na kasi ilibaki ya mtambo wa zamani. Mkulima aliyetakiwa na Serikali kujaza fomu za ruzuku kwa mtandao, na mwanafunzi aliyepewa kazi ya nyumbani ya kusoma kwenye intaneti, walilipa zaidi kwa huduma iliyo duni.

Ofcom ilijibu mwaka 2011 kwa kuidhibiti bei ya jumla ya BT katika maeneo hayo: bei hiyo ilitakiwa kubadilika kila mwaka kwa kiwango cha mfumuko wa bei, kutoa asilimia 12. Hatua hiyo iliwasaidia wateja. Hata hivyo hatua ya namna hii ina upande wa pili ambao wasimamizi huutaja kwa sauti ya chini. Bei ya jumla ikishushwa, kampuni nyingine hupata sababu nyingine tena ya kutoweka mtambo wake, kwani kununua kwa jumla kumekuwa nafuu. Udhibiti wa bei unafaa pale ambapo imekwisha kukubalika kwamba ushindani ndani ya kituo hautakuja.

UMBALI KUTOKA KITUONI

Kuna wakaazi ambao hata kampuni kumi zingeingia kituoni zisingewafaa. Mawimbi ya juu hudhoofika kadiri waya wa shaba unavyorefuka. Aliye karibu na kituo hupata kasi yote. Aliye kilomita tano mbali, kwa urefu wa waya na si kwa mstari wa ndege, huweza kukosa hata megabiti 2. Waya wa kijijini hufuata barabara, huzunguka mashamba, na nyumba inayoonekana kituoni kwa macho huweza kuwa mbali sana kwa waya.

Dawa iliyopatikana ilikuwa kuusogeza mtambo kutoka kituoni hadi katika kabati lililo kando ya barabara, na kulifikisha kabati hilo kwa mkongo, ili shaba ibaki fupi. Sheria iliruhusu kampuni nyingine kufanya hivyo pia. Mwaka 2010 kampuni ndogo ya Rutland Telecom ilifanya hivyo katika kijiji cha Lyddington, kwa fedha zilizochangwa na wenyeji, ikaweka kabati lake karibu na kabati la Openreach na kuziunganisha nyaya za wanakijiji huko. Kijiji kikapata kasi ambayo miji mingi ilikuwa bado haina. Lakini hesabu ya kituo kidogo iliyoelezwa hapo juu inakuwa ngumu zaidi katika kabati, kwa kuwa kituo kimoja huwa na makabati kadhaa na kila kabati lina sehemu tu ya wateja. Mfano wa Lyddington haukuenea.

Kilichoenea ni utaratibu mwingine. Kuanzia mwaka 2010 BT ilipoanza kujenga makabati yake ya mkongo, Ofcom iliilazimisha kuzikodisha kampuni nyingine njia ya kumfikia mteja bila ya kampuni hizo kugusa waya wala kuweka mtambo katika kituo cha kijiji. Mawasiliano ya mteja hukusanywa kutoka katika kabati na kupelekwa kwa mkongo hadi katika kituo kikubwa, na kampuni husubiri hapo. Vituo vikubwa vya kukabidhiana namna hiyo ni takriban 1,000 kwa nchi nzima. Kampuni yenye mtambo katika mji wa wilaya ikaweza kumhudumia mteja wa kijiji kilicho makumi ya kilomita mbali, ambacho isingeweka mtambo wake humo hata siku moja.

Kwa hiyo vijiji vingi vilipata uchaguzi wa kampuni baada ya kituo chao kurukwa. Haki ya kuingia katika kituo kidogo ilikuwapo katika vitabu kwa miaka 10, na iliyowafaa wakaazi ni njia kuu iliyofunguliwa kwa bei moja kwa wote. Makabati hayo ya vijijini yalijengwa kwa sehemu kubwa kwa ruzuku ya Serikali. Mikataba yote 44 ya mpango huo ilikwenda kwa BT, na mwaka 2013 Kamati ya Hesabu za Serikali ya Bunge la Uingereza ililalamikia jambo hilo kwa maneno makali. Lawama hiyo ilikuwa na msingi. Hata hivyo haikuwa rahisi kumtafuta mshindani wa kwenda pasipokuwa na biashara.

VISIWA NA WANANCHI WALIOCHIMBA WENYEWE

Katika visiwa njia kuu ni bahari. Mwaka 2014 BT, katika mradi uliogharimiwa kwa sehemu na fedha za umma, ililaza nyaya 20 za mkongo chini ya bahari, zenye urefu wa karibu kilomita 400 kwa jumla, ili kuvifikia visiwa na sehemu za mbali za kaskazini mwa Uskoti. Mwaka 2022 zililazwa nyaya nyingine 16 kwa visiwa 15. Kabla ya hapo vituo vingi vya visiwani vilitegemea masafa ya redio, na kuweka mtambo wa pili katika kituo cha kisiwa kungekuwa ni kugawana upitio ule ule mwembamba.

Upande wa Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, wakaazi wa vijiji kadhaa walianzisha mwaka 2011 jumuiya ya ushirika iitwayo B4RN. Hawakuingia kituoni kabisa. Wakulima waliruhusu mabomba yapite mashambani mwao bila ya malipo, wanakijiji wakachimba mitaro wenyewe, waliochangia fedha au kazi wakapewa hisa, na mkongo ukafika moja kwa moja katika kila nyumba kwa kasi ya megabiti 1,000. Gharama kubwa ya kazi ya namna hii kwa kawaida ni kuchimba barabara na kulipa fidia ya kupita, na hizo ndizo zilizoepukwa. Utaratibu huo umedumu, jambo ambalo si jepesi kwa jumuiya ya kujitolea.

Baadaye sheria nayo ikaelekea huko huko ardhini na nguzoni. Openreach ilitakiwa kuzikodisha kampuni nyingine mabomba na nguzo zake, kwa masharti yaliyolegezwa kwa mara nyingine mwaka 2019, ili kila mmoja apitishe mkongo wake mwenyewe. Na kwa wale ambao hakuna kampuni iliyowafikia, tangu mwezi wa Machi 2020 nyumba inayokosa megabiti 10 kwa sekunde ina haki ya kuomba huduma hiyo, mradi gharama ya kuifikisha haizidi pauni 3,400. Ikizidi, mwombaji hutakiwa kuilipa tofauti.

Vituo vyenyewe viko mwishoni. Simu ya waya ya mtindo wa zamani imepangwa kuzimwa Uingereza ifikapo Januari 2027, na kati ya vituo 5,600 vinavyokusudiwa kubaki ni takriban 1,000. Mwaka 2001 BT iliyauza majengo yake mengi na kuyapanga kwa mkataba wa miaka 30, na kumalizika kwa mkataba huo kumeongeza haraka ya kuyaacha.

UHUSIANO WAKE NA VISIWA HIVI

Nyaya za shaba hazikuenea Tanzania kwa kiwango cha kuufanya mgogoro wa fremu ya kituoni kuwa jambo la hapa. Wananchi wengi wameipata intaneti kwa simu ya mkononi. Nafasi ya kituo cha kijijini hapa imeshikwa na mnara, na nafasi ya fungu la nyaya kutoka kituoni imeshikwa na mkongo, wa nchi kavu au wa chini ya bahari. Kanuni za mwaka 2018 kuhusu kuweka mitambo pamoja zinamtaka mwenye miundombinu ashughulikie maombi ya wengine bila ya upendeleo. Kwa upande wa maeneo yasiyo na mvuto wa kibiashara, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, hutoa ruzuku kwa kampuni zinazokubali kujenga huko. Kwa upande wa Zanzibar, mkongo wa Serikali uko chini ya Wakala wa Miundombinu ya TEHAMA.

Mtumishi anayeletewa rasimu ya makubaliano ya kuweka mtambo katika jengo au mnara wa shehia iliyo mbali atakuta, kwa kawaida, kurasa nyingi kuhusu nafasi, ulinzi, ufunguo na umeme. Mambo hayo ni ya lazima. Yanayopaswa kuangaliwa kwa makini zaidi ni yale ambayo huwekwa katika kiambatisho: ni nani mwenye njia kuu ya kutoka hapo, ana uwezo wa kiasi gani uliobaki, ataikodisha kwa bei gani, na kama bei hiyo ni ile ile anayojitoza yeye mwenyewe. Kama majibu ya maswali hayo hayapo, kampuni ya pili inaweza kupewa ufunguo wa mlango na bado wakaazi wakabaki na mtoa huduma mmoja.

Ni vyema pia idadi ya wateja wanaotarajiwa iandikwe wazi katika kila ombi, pamoja na muda ambao mtambo utabaki mahali hapo. Kampuni iliyoingia kwa ruzuku inaweza kuondoka ruzuku ikimalizika, na mkataba usiolitaja jambo hilo huwaacha wakaazi na chuma tu.

Mwananchi mwenye malalamiko kuhusu kasi, bei au kukatika kwa huduma anatakiwa kuyapeleka kwanza kwa mtoa huduma wake na kutunza ushahidi wa kuyapeleka. Asiporidhika na majibu, ataiandikia Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo ina ofisi Zanzibar, akieleza jina la shehia, aina ya huduma na tarehe ya malalamiko ya awali.